Mizani ya Jikoni

Eduvina aliondoka kwenye machela, nyonga imevunjika,
akaniachia maagizo matatu:
moto usizimike,
viazi vya mbegu visiguswe,
na Lenga akizaa, nisithubutu kushika gunia.

Ananijua. Miaka arobaini chini ya bati moja,
hapa Chiloé ambako mvua haina msimu, ina zamu tu,
na kila mbwa wetu alipozaa
mimi ndiye niliyeteremka mtoni,
nikarudi, nikanawa mikono mara mbili,
na hakuna aliyeniuliza.

Lenga alizaa usiku wa Jumanne, nyuma ya jiko la kuni.
Saba. Wa kwanza alitoka kama soksi iliyolowa.
Wa saba alitoka kimya,
nikamsugua kwa taulo mpaka akakohoa,
nami nikakohoa naye.

Saa mbili usiku, simu kutoka hospitali ya Castro:
"Wapime kila siku. Si kwa mizani ya sufu, Rosamel,
ile ndogo, ya unga.
Na uwafunge nyuzi shingoni, upate kuwajua."
Nikafungua kikapu chake cha kufumia.
Nyekundu, njano, buluu, kijani, nyeupe, zambarau.
Uzi wa kijivu ukabaki kwa yule wa saba,
aliyelegea kiganjani kama utandu wa maziwa.

Mwekundu: gramu mia nne na kumi na moja. Fahali wa nyumba.
Kijivu: mia moja na tisini.

Sikujua kwamba mtoto wa mbwa hajui hata kukojoa.
Sharti mama amlambe.
Lenga akimfikia Kijivu humsukuma kwa pua
kama mtu anayerudisha sahani asiyoiagiza.
Basi ikawa kazi yangu: pamba, maji ya vuguvugu,
na kidole hiki kilichonyoa kondoo maelfu
kikisugua tumbo dogo kuliko yai la bata,
nikingoja tone moja la njano
kama anayengoja barua.

Maziwa ya mbuzi kila baada ya saa mbili,
kwa bomba la sindano lisilo na sindano.
"Tumbo chini, si chali, atapaliwa."
Chupa ya maji moto ndani ya soksi yangu.
Nililala sakafuni. Mgongo ulilalamika,
nikauacha ulalamike.

Siku ya tano, alfajiri, Kijivu alikuwa hai.
Mwekundu ndiye aliyekuwa chini ya mbavu za mama yake,
bapa, bado ana joto,
uzi wake haujachafuka.
Mwenye nguvu, nani amkeshee?

Nilimzika chini ya mtufaha.
Gunia lilikuwepo, limetundikwa mlangoni.
Nikavua fulana yangu.

Saa mbili usiku simu ikalia.
"Mwekundu?"
"Mia tano," nikasema.
Kesho yake: "Mia tano na hamsini."
Kesho kutwa: "Mia sita."
Nilimlisha maiti kwa ulimi wangu,
akanenepa kuliko nduguze wote.

Eduvina alirudi na magongo mawili.
Hakuvua kitambaa, hakunisalimu.
Alilitazama sanduku, midomo ikihesabu,
kisha akatoa mfukoni karatasi yake ya hospitali.
"Wengine wote wana gramu za chengachenga," akasema,
"mia tatu na saba, mia nne na kumi na tatu.
Mwekundu peke yake alikua kwa hamsini hamsini.
Nilijua tangu usiku ule wa kwanza."
"Mbona hukusema?"
"Nilitaka kuona utamfikisha wapi."

Kuni zilikuwa zimepungua. Nikatoka.
Niliporudi, Kijivu alikuwa mapajani mwake,
jicho moja limefunguka, la buluu chafu kama maji ya kufulia,
likitazama moto, wala si mimi.

Mia nne na thelathini na mbili.
Nilimpima mara mbili.