Kiti cha Mbele

Alta, saa nane za usiku. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
nami nimenawa mikono mara tatu, bado inanuka raba.
Naketi. Navaa visikizi.
Solbjørg yuko Hammerfest, ng'ambo ya mlima uliofungwa barabara,
na yuko hapa, nyuma ya kisogo changu.

Ndivyo mchezo ulivyopangwa: rubani nyuma, mpigaji mbele.
Nina mtutu, nina makombora manane,
sina usukani.
Naona kile tu anachonionyesha.

Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua
kwenye nyumba za mwisho wa njia,
zile ambazo hata moshi wake husita kutoka nje.
Ndiyo maana hapiti juu kama vijana wanaotaka kuonekana.
Anatambaa bondeni, tumbo la helikopta likichana nyasi,
anajibanza nyuma ya kilima, anahesabu kwa sauti ya chini,
halafu: "Nimekufikisha mlangoni, Aslak.
Wewe bisha hodi."

Nabisha.
Kifaru kinaitika kwa moto,
nasi tumeshazama tena nyuma ya kilima
kabla mwenye nyumba hajauliza nani.

(Hakuna matanga huku. Aliyekufa hufufuka
baada ya sekunde kumi, akitutukana kwa Kipolandi.)

Haikuwa hivi mwanzo.
Mwanzo nilikuwa mdomo mtupu:
Tulia! Shusha pua! Unanisukasuka kama nguo mashineni!
Nikikosa, kosa lake. Nikipata, shabaha yangu.
Usiku mmoja makombora yote manane niliyamwagia mawinguni,
tukaanguka tukiwaka juu ya paa la kituo cha mafuta,
nikafoka mpaka mbwa wangu akahama chumba.
Alingoja niishiwe pumzi.
"Uliona nini?"
"Mbingu. Mbingu tupu."
"Ungesema."

Neno moja. Lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo nasema.
Namwambia mtutu umegota kulia,
namwambia nguzo ya umeme, namwambia dirisha la tatu
kuna mtu ana kombora begani;
naye hunipa habari kabla hajainama, si baada:
kushoto, sasa. Natulia. Mbili. Tatu.
Ndani ya hizo mbili, tatu
nimepewa kipande cha dunia kisichotikisika.

Bei yake sikuijua hadi Februari,
alipoteleza kwenye ngazi zake akavunjika kifundo cha mkono.
Tukabadilishana viti.
Nikatuua sote wawili kwenye winchi ya bandari.
Nikatuua tena. Winchi ileile.
Alicheka mpaka akaomba aache, mkono unamuuma.

Mara ya tatu nilifika mlangoni, nikatulia,
na kumbe helikopta iliyotulia ni mali ya kila mwenye bunduki:
bonde zima lilinyanyua macho,
risasi zikagonga bati kama mvua ya mawe,
na kila kidole changu kilitaka kukimbia.
Mbili.
Yeye mbele, akilenga kwa mkono wa kushoto, polepole,
kama mtu anayesoma anwani iliyolowa.
Mbili bado.
Sikujua sekunde ina vyumba vingi hivyo.
Mara ngapi alinisimamia humu, nami nikimfokea?

"Hodi," akasema.

Leo asubuhi gereji, mzee mmoja mgeni
anaingiza gari lake kwenye jeki, shingo imekakamaa,
gurudumu moja liko nje ya reli.
Zamani ningepiga kelele toka huko huko kwenye kahawa yangu.
Nilikwenda nikasimama mbele ya taa zake, mahali anaponiona,
nikainua mikono yote miwili.
Kushoto kidogo, mzee.
Nakuona.
Tulia.