Aende

Serikali imezipanga zahanati na hospitali kama ngazi:
daraja la pili, la tatu, la nne,
mgonjwa apande.
Waliopanga hawakufika huku Bukonzo.
Kwetu kila ngazi ya juu iko bondeni,
na mgonjwa hupanda kwa kushuka.

Daftari la mama lina jalada la bluu,
kurasa arobaini na nane, mali ya mwanafunzi,
nyuma jedwali la kuzidisha:
saba mara nane, hamsini na sita.
Bila daftari hakuna wa kukuandikia,
na usipoandikwa huumwi.

Ukurasa wa kwanza ni mtupu.
Hapo pana majani machungu yaliyochemshwa,
maombi ya Alhamisi,
na siku tisa za "nitaona kesho".

Wa pili una mwandiko wa Thembo,
mhudumu wa kijiji, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito.
Huandika kana kwamba anachonga:
*Homa. Malaria hakuna. Kiuno kinauma. AENDE.*
Neno la mwisho kalipigia mistari miwili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Mama hakwenda.
Kahawa ilikuwa imeiva,
na kahawa haijui kusubiri.

Kyakimwa wa duka la dawa hakuandika kitu.
Yeye hupima kwa jicho:
vidonge vitatu kwa mwenye mia tano,
sita kwa mwenye elfu,
vya rangi mbili kwa aliyevaa viatu.
Simlaumu. Usiku ule
taa yake ndiyo pekee iliyokuwa ikiwaka.

Daraja la pili: muhuri, tarehe, *dawa zimekwisha*.
Muuguzi alikuwa peke yake, mwanawe mgongoni,
akamnywesha mama maji kwa kikombe chake mwenyewe.
Hilo halimo daftarini.

Kutoka pale tulimbeba kwa machela ya mianzi,
wanaume wanne, na wanne wa kupokezana.
Njia ilikuwa telezi. Baluku aliteleza,
akalia yeye badala ya mgonjwa.
Daraja la tatu wakamchoma kidole, wakamtundikia maji,
wakaandika mistari mitano ambayo hakuna anayeweza kuisoma.
Daraja la nne tulikuta kitanda, shuka tukaleta sisi.
Daktari alikuwa semina.
"Gari la wagonjwa lipo," walisema. "Mafuta ni yenu."

Nikapiga simu nyumbani.
Wakauza magunia mawili,
yale yale aliyoyachuma akitetemeka,
na kahawa ikamchukua mama hadi Fort Portal.

Rufaa, waliita safari ile.
Mimi nililijua neno hilo la mahakamani:
aliyeshindwa chini anakwenda kudai juu.
Sikuwa nimekosea sana.

Daktari wa Fort Portal alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukesha.
Alilifungua daftari kutoka mwisho,
akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa
kama anayetafuta alipodondosha ufunguo.
Akasimama kwenye wa pili.
"Huyu Thembo ni nani?"
"Jirani. Aliishia darasa la saba."
Akakipapasa kidole kile kitundu cha kalamu.
"Ni figo," alisema. "Wiki tatu zilizopita
ingekuwa kazi ya vidonge."
Hakusema zaidi. Akanawa mikono, akaenda kumwandalia kitanda.

Mama alirudi siku ya ishirini na sita,
mwembamba, mwenye kiburi kile kile.
Kurasa zilizobaki ni za kahawa sasa:
yeye hutaja kilo, mimi huandika,
na jedwali la nyuma limepata kazi.

Jana usiku nilikohoa. Mara mbili tu.
Akaweka chini ungo,
akafunua daftari pasipo kutafuta,
akanisogezea ukurasa wa pili chini ya taa.
Mama hajui kusoma.
Akaweka kidole juu ya ile mistari miwili
na kusoma.