Njegere za Mirdza

Theluji haijaisha. Kimebaki kipande kimoja
nyuma ya banda la kuni, kichafu kama shuka la mgonjwa,
na kila asubuhi nakipima kwa mpini wa reki:
jana shibiri tatu, leo mbili na vidole.
Kwingine kote udongo umeanza kupumua,
na huko bondeni mto Gauja umevunja barafu yake
kwa kelele za mtu anayeosha masufuria kwa hasira.

Nateka konzi ya udongo, naikamua.
Ikichuruzika maji, narudi ndani kunywa chai.
Ikimeguka kama mkate wa juzi, nimepewa ruhusa.
Leo imesitasita: imegandamana kiganjani,
nilipoigusa kwa dole gumba ikaachia.
Basi. Nimeihesabu kuwa ndiyo.

“Mapema mno, Velga,” asema Aivars ng’ambo ya ua,
mikono mifukoni, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi.
“Subira huvuta heri.”
Huvuta heri, namjibu, na magugu pia huyavuta.
Mwaka jana wewe ulisubiri hadi Juni
ukavuna spinachi ndefu kama mijeledi, maua matupu.
Mboga hizi zapenda baridi, jirani.
Figili ikionja joto hugeuka ukuni.
Saladi ikikaziwa macho na jua hununa, ikawa chungu.
Wako viumbe ambao kibaridi ndicho raha yao,
nami, kwa miaka sabini na mmoja, ni mwenzao.

Bahasha ina mwandiko wa dada yangu,
herufi zimeinama kama watu wanaokabili upepo:
NJEGERE ZA KIJIVU. ZIPANDWE MAPEMA. VELGA, USIZIPIKE.

Nilizipika.
Si zote. Krismasi ya kwanza baada ya maziko
nilichemsha nusu, kwa vitunguu na nyama ya nguruwe,
nikala nimesimama, moja kwa moja toka sufuriani.
Zilizobaki zimelala miaka sita katika droo ya vijiko.

Wiki mbili zilizopita nilihesabu ishirini,
nikazilaza kwenye kitambaa kibichi, juu ya jokofu,
pale mota inapotoa joto la paka.
Siku ya tatu, kimya.
Siku ya tano, harufu.
Siku ya saba moja ikachomoza mkia mweupe,
na kufikia Jumapili zilikuwa saba.
Saba kwa ishirini! Mwalimu wetu wa hesabu
angeandika kwa wino mwekundu: aibu.
Mimi niliketi kwenye kigoda cha jikoni
nikazitazama hadi chai ikapoa.

Nimezipanda leo. Shimo hadi pingili ya pili ya kidole,
saba tu, kila moja na kijiti chake cha mbetula
kama mtoto na fimbo ya kuvukia matope.
Figili nimezimwaga ovyo, zitajipanga zenyewe.
Vitunguu nimevisimamisha kwa mistari, shingo nje.
Magoti yamelia. Nimeyaambia yangoje zamu yao.

Usiku redio ikasema jalidi.
Nikatoka na tochi na kitambaa cha meza,
kile cha arusi, chenye doa la divai ya shemeji,
nikiwa na koti juu ya nguo ya kulalia.
Nikakuta tuta la njegere limefunikwa tayari:
blanketi la jeshi, mawe manne pembeni,
na Aivars amechutama kando, ndoo mkononi,
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

“Napita tu,” akasema.
Bustani hii haina njia ya kupita, nikamwambia.
Akasafisha koo. Akaangalia nyota, zikali, karibu mno.
“Kesho,” akasema, “utaniazima reki.”