Daftari la Hakuna

Dukani kwa shangazi Aikande, Mbuyuni,
kati ya ndoo na kamba za katani,
kaunta buku la kwaya mbili
lilining'inia kwa uzi wa gunia.
Si la madeni. Madeni alikuwa nayo kichwani,
na wadaiwa walijua.
Hili lilikuwa la hakuna.

Mtu akitaka kitu tusichokuwa nacho
nisiseme "hakuna" nikarudi kwenye karanga.
Niandike: kitu gani, siku gani, katoka wapi,
na akija mwingine na neno lilelile
nipige kijiti pembeni.

Nilicheka. Nimemaliza kidato cha nne,
faida na hasara nazijua kwa rula,
halafu naandika: Jumanne. Utambi namba kumi. Mzee, Pasua.
Jumanne. Gundi ya kioo. Hakusema anakotoka.
Alhamisi. Kamba ya mbwa yenye taa. Mgeni, Shanty Town.

Hiyo ya mbwa tuliagiza. Dazeni nzima.
Kumi na moja zipo mlangoni hadi leo,
jioni watoto wa jirani huzifanyia disko.
Shangazi hakuona haya. Aliandika chini ya ukurasa:
Mmoja akiuliza, ni shida yake.
Watatu wasiojuana wakiuliza, ni habari.

Habari ilikuja Agosti, polepole, kwa miguu.
Mwalimu wa Uru, viatu vina vumbi
pale ambapo mwaka jana vilikuwa na tope:
"Mna mpira wa maji wenye vitundu?"
Hakuna. Nikaandika.
Wiki ya pili baba wa Kibosho, vidole vikipima hewa:
"Mwembamba. Usimwage. Udondoshe tu."
Hakuna. Kijiti.
Kisha dada anayelima nyanya Rau,
Rau, ambako maji hayaulizwi.
Shangazi akaacha kukata kamba.
"Mifongo inakauka," alisema,
kama mtu aliyesoma barua isiyo yake.

Redio haikuwa imesema kitu.
Kwa mpita barabarani migomba ilikuwa kijani tu.

Usiku tukapasha shazia kwenye mkaa
tukatoboa mita ishirini za mpira mweusi.
Matundu makubwa. Uani pakawa bwawa.
Tukarudia kwa sindano ya cherehani,
nikaungua kidole, kovu hili hapa.
Mpira wa tatu ulilia taratibu,
tone,
kimya,
tone,
naye akakalia ndoo iliyopinduliwa, akiusikiliza
mpaka chai ikapoa.

Tuliuza. Kiasi sitaji, nina wadogo wanaopenda kukopa.
Mwaka uliofuata duka la mbele likatundika mipira,
ya kiwandani, mizuri kuliko yetu.
Nikanuna wiki nzima.
Yeye aliuliza tu: "Na siku hizi watu wanaulizia nini?"

Sikujua. Nilikuwa nikitazama ng'ambo ya barabara.

Leo asubuhi kijana wa bodaboda,
pikipiki haina mlio, nilidhani kaizima njiani:
"Dada, hapa mnachaji betri?"
"Hakuna," nikasema, mkono tayari kwenye karanga.
Shangazi hakuinua kichwa.
Alisukuma kalamu juu ya meza,
ikabingirika, ikagota kwenye kisahani changu.

Wa kwanza, nikajiambia. Ni shida yake.
Nikaandika: Jumatatu. Betri. Kijana, Njoro.
Pembeni nikaacha nafasi pana.