Kivuli cha Kununua

Saa nane, Kondele. Usukani unaunguza kama kikaango,
dashibodi imepasuka midomo ya Januari.
Obiero akanyunyiza maji ya sabuni,
akatandaza karatasi kwenye kioo cha mbele,
akayafukuza mapovu kwa mpira, moja moja,
hadi pembeni, hadi nje.
"Mama Adede, sasa utaendesha kivulini."

Kweli. Hadi Nyamasaria sikufuta jasho,
na nyanya zangu huko nyuma hazikulegea.

Ila pale darajani, muuza miwa
aliyezoea kunipungia panga lake
alikitazama kioo, akajiona mwenyewe,
akageuka.

Nikateremsha dirisha. Joto likaingia lote, na vumbi lake.
"Ni mimi!"
Akacheka hadi mua ukamponyoka:
"Nilidhani ni serikali."