Jina la Mbwa

"Jina?"
Mkasi Vuai Pandu.
"Umri?"
Andika hamsini, yaliyozidi niachie mwenyewe.
"Shamba?"
Maweni, nyuma ya kisima kikavu.
Muhogo nusu eka, na nusu ya hiyo nusu ni ya nguruwe.
"Jina la mbwa?"
Hayakuhusu.

Karani Simai akalaza kalamu juu ya daftari.
"Bi Mkasi, nauliza kwa wema. Ndiyo kanuni ya chama."
Na miye nakujibu kwa wema, Simai:
Hayakuhusu ndilo jina lake.
Alinijia msimu wa vuli, mbavu nje, sikio limechanika,
na Mize wa ua wa pili akaanza papo hapo:
mjane, peke yake, leo na mbwa tena!
Basi kila jioni, ugali wake ukipoa,
nikasimama mlangoni nikaita, nikalivuta:
Hayakuhusuuu!
Mbwa akaja.
Mize akaingia ndani.

Wasasi wakacheka pale barazani pa ushirika,
mikuki imeegemezwa ukutani, nyavu zinanuka moshi.
Jecha, msasi mkuu, hakucheka.
"Mwanamke hatujamwandika bado Muyuni."
Nikamwambia: na nguruwe nao
hawajauliza muhogo ni wa nani.
Nikatoa ada, elfu tano,
noti zimekunjwa pembeni mwa kanga hata hazikufunguka vizuri.
Simai akaandika. Kwa herufi kubwa.

Jaribio Jumapili, alfajiri, uwanja wa mpira.
Mbwa asiguse mbuzi.
Asikimbie pembe ikilia.
Akiitwa, aje.

Utaijua, mbwa wa Machano,
akapita mbele ya mbuzi macho mbele,
kama mtu apitaye duka linalomdai.
Subira, mbwa wa Ussi, hakuwa nayo:
alirudi anachechemea, beberu anamtazama.
Kisha wakaniita miye.
Nikafungua kamba. Fundo likanishinda mara mbili.
Pembe ikalia,
na Hayakuhusu, wallahi,
akajilaza chali katikati ya uwanja,
miguu minne juu, tumbo kwa umande,
kana kwamba ile pembe imetangaza sikukuu.

Kicheko kile nilikisikia hadi kwenye meno.
Nilitaka kuita, jina likagoma kooni.
Kuliita uani kwangu ni jambo moja.
Hapa wanaume kumi na wanane,
na mtoto wa Mize kakaa juu ya mwamba wa goli.
Nikafumba macho nikaita kwa sauti ya ugali.

Akaja.
Aliwapasua mbuzi katikati kama uzi kwenye kitambaa,
hakuwageuzia sikio,
si lile zima, si lile lililochanika.
Akanilamba mkono wote, mpaka kwenye bangili.

"Alilala," akasema Jecha.
"Kulala hakumo," akasema Simai, kafungua daftari,
kidole kinashuka mstari kwa mstari. "Hakumo kabisa."
Wakabishana hadi jua likatuchoma utosi.
Mwisho Jecha akachomoa mfukoni njuga ya shaba,
kongwe, imebonyea upande mmoja,
ya mbwa aliyekufa mwaka juzi.
Jina la huyo mbwa hakulitaja,
nami sikuuliza.
Akaifunga mwenyewe, taratibu, shingoni.

Nyumbani nikachota maji, nikachota na udongo.
Moja, ya udongo.
Mbili. Tatu.
Nahesabu kwa sauti ili ua wa pili usikie
kwamba sheria naijua.
Huko muhogoni njuga inatembea,
inasimama,
inatembea.
Nne. Tano.

"Mkasi," ikaja sauti ndogo kwenye makuti,
"jana wameng'oa matuta yangu manne.
Hicho chama chenu...
kinamwandika na asiye na mbwa?"

Nikapoteza hesabu.
Nikainama kuchota udongo, nianze tena.