Tatu Nukta Saba

Kijitabu cha gari kimetamka: sekunde tatu nukta saba,
kutoka kusimama hadi mia.
Ottmar anakiapia.
Wiebke, aliyefundisha kuogelea miaka thelathini,
anatoa saa yake ya kubonyeza.
"Wino haupigwi na upepo. Twende."

Barabara ya zamani nje ya Kassel, lami ina umande.
Viti vinanukia kama duka la viatu.
Injini inanguruma, shingo zinarudi nyuma.

Nne nukta moja.

"Ni uzito wako," asema Ottmar.
"Ni uzito wa bei."

Wanarudia. Nne nukta mbili. Nne kamili,
lakini hapo palikuwa na mteremko.

Wangali wamesimama wakibishania mteremko
lori la maziwa linapowapita,
taratibu,
likiwahi chai ya watu.